Namna ya Kupima Dondoo za Mimea Tiba dhidi ya Seli za Saratani

Kabla ya kugusa seli yoyote, hakikisha unaujua mmea wako. Jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili au mitatu tofauti, kwa hiyo sampuli iliyokaushwa, yenye namba, tarehe na mahali ilipochumwa, ihifadhiwe katika hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) na ithibitishwe na mtaalamu wa mimea. Kisha kausha majani au magome kivulini, yasage, yaloweke katika ethanoli, chuja, na uvukize ethanoli kwa joto dogo; kinachobaki ndicho dondoo.

Dondoo kavu huyeyushwa katika DMSO, kiyeyushi cha maabara ambacho nacho huua seli kikizidi. Ndani ya kisima, yaani kishimo kidogo cha sahani ya maabara, DMSO isipite asilimia 0.5. Panda seli 5,000 hadi 10,000 katika kila kisima cha sahani ya visima 96, ziache usiku kucha zishike, kwenye nyuzi joto 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5, ndipo uweke dondoo kwa viwango vinavyopungua kwa nusu na usubiri saa 48 au 72. Kila kiwango kipewe visima vitatu, na jaribio zima lirudiwe siku nyingine mbili.

Kipimo kinachotumika sana kujua seli zilizo hai ni MTT, alichokieleza Tim Mosmann mwaka 1983: seli hai huigeuza kemikali ya MTT, iliyo ya manjano, kuwa fuwele za zambarau, ambazo huyeyushwa na rangi yake kusomwa kwa mwanga wa nanomita 570. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tanini na polifenoli, kemikali za asili za mimea, huweza kuigeuza MTT zenyewe, bila msaada wa seli. Nimewahi kuona kisima kisicho na seli hata moja kikiiva zambarau kama kile kilichojaa seli zenye afya. Anayetazama namba tupu atasema dondoo haina nguvu, kumbe seli zimekwisha kufa. Kwa hiyo tenga visima vyenye dondoo na MTT pasipo seli, ondoa dondoo na suuza seli kabla ya kuweka MTT, na usiache kuchungulia kwa hadubini: seli zinazokufa hujikunja, huwa duara, kisha huachia sakafu ya kisima na kuelea.

Visima vya kulinganishia viwe vya aina mbili, vyenye DMSO pekee na vyenye dawa ya saratani ambayo tayari inajulikana, mfano doksorubisini. Kutokana navyo kokotoa IC50, yaani kiwango kinachopunguza uhai wa seli kwa nusu.

Namba hiyo peke yake haitoshi, maana hata sumu ya kawaida huua seli za saratani. Pima dondoo hiyohiyo kwa seli zisizo za saratani, kisha gawa IC50 ya seli hizo kwa ile ya seli za saratani. Ukipata mikrogramu 18 kwa mililita dhidi ya 15, uwiano ni 1.2, na dondoo hiyo haibagui. Ukipata 90 dhidi ya 15, uwiano ni 6, na hapo inafaa kuanza kutenganisha viambato vyake. Katika ripoti andika kwamba dondoo ilipunguza uhai wa seli za aina fulani ndani ya sahani, wala usiandike kwamba mmea unatibu saratani, kwa kuwa kuna mgonjwa atakayeisoma sentensi hiyo na kuacha dawa zake.