Kabla hujageuza ritada ya basi kuwa mzigo wa kupimia injini

Ritada ni breki ya umeme inayokaa kwenye propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli) ya baadhi ya mabasi na malori, ile inayomsaidia dereva kushuka mteremko kama wa Sekenke bila kuunguza breki za magurudumu. Ikitolewa kwenye gari chakavu, inaweza kulemea injini karakanani ili ujue kama imerudi na nguvu zake baada ya kufungwa upya. Kwa fundi wa Dodoma ina sifa inayonifanya niipende kuliko breki ya maji, ambayo nayo hutumika kulemea injini: haihitaji maji, na mgawo wa maji hapa mjini tunaujua.

Koili zikipata umeme zinakuwa sumaku. Diski za chuma zinazozunguka pembeni mwake zinazaa mikondo ya umeme ndani yake zenyewe, na mikondo hiyo ndiyo inayozizuia. Hakuna kinachosuguana. Nguvu yote ya injini inaishia kuwa joto kwenye diski.

Joto hilo ndilo la kulipangia kabla ya kitu kingine chochote. Injini ya kilowati 100 ikibanwa hadi mwisho inazipa diski joto sawa na la majiko 50 ya umeme ya kilowati 2. Diski zinaweza kuiva hadi zikawa nyekundu, na kadiri zinavyoiva breki inalegea. Kwa hiyo panga vipimo vya sekunde chache, kisha uache diski zizunguke bila mzigo, maana mapezi yake ndiyo feni yake. Ukizima injini papo hapo, joto linahamia kwenye koili na beringi. Matambara na madumu ya dizeli yakae mbali. Na anayesaga chuma kwa grenda ahamie upande mwingine wa karakana: sumaku huvuta ule unga wa chuma, nao ukajaa kwenye pengo jembamba kati ya koili na diski. Pima pengo hilo kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia upana wa pengo) pande zote kabla ya kuwasha.

Umeme wa koili utoke kwenye betri, usitoke ukutani. Ritada nyingi za magari makubwa ni za volti 24, na hatua zote za breki zikiwashwa, zile kubwa zinakula zaidi ya ampea 100. Tumia nyaya nene na fyuzi, na funga dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila koili, kwani koili ikikatiwa umeme hurusha cheche kali inayounguza rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme.

Sasa jiulize: waya ukichomoka wakati injini iko kwenye mafuta yote, nini kitatokea? Mzigo unapotea mara moja na injini inapaa. Ni lazima kuwe na kikata mafuta kinachofunga chenyewe umeme wa breki unapokatika. Dizeli, hasa ya zamani, huenda isizimike kwa kuzima swichi tu kama petroli. Weka pia bamba la kuziba njia ya hewa, lenye kamba inayofika mahali unaposimama. Propela nayo izungushiwe kizuizi cha chuma. Ikikatika, haichagui wa kumpiga. Mimi karakana isiyo na vitu hivi vitatu singeingia, hata kama ni kutazama tu.

Kipimo chenyewe ni kazi ndogo. Nyumba ya koili inakaa juu ya beringi ili iweze kuyumba, na mkono wake unakandamiza mizani. Kwa mkono wa nusu mita, kilowati 100 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika zitasomeka karibu kilo 78. Kokotoa hivi: nyutoni-mita (kilo za mizani mara 9.81 mara urefu wa mkono kwa mita) mara mizunguko kwa dakika, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Kabla ya kuwasha, ning'iniza mwishoni mwa mkono uzito unaoujua, uone kama mizani inausoma sawasawa. Ukipitisha nguvu kwenye giaboksi, tumia gia ambayo shafti ya kuingia na ya kutoka zinazunguka sawa.

Mwisho, andika kwenye karatasi joto la hewa na kanieneo yake. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza hapa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu ilizoandikiwa kiwandani. Mteja akilalamika kuwa kilowati zimepungua, mweleze hilo kabla hajakudai umfungulie injini tena.