Kulinda urithi wa mtoto aliyebaki Kigoma wakati mzazi yuko nje ya nchi

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kigoma mjini. Juzi nimemaliza kupanga makaratasi ya dada mmoja anayefanya kazi Muscat, Oman. Mwanawe analelewa na bibi yake Gungu, na dada ana kiwanja mjini, shamba la michikichi upande wa Mwandiga na akiba benki. Hatua nilizofuata naye ndizo hizi. Wengi huanza na wosia. Mimi naanza na majina, kwa sababu wosia wenye majina yanayopingana humpa mtoto kesi kabla ya kumpa mali.

Hatua ya 1: Cheti cha kuzaliwa cha mtoto

Kama hana, anayemlea aende RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya na tangazo la kizazi au kadi ya kliniki. Usiendelee na hatua nyingine bila cheti hiki.

Hatua ya 2: Linganisha majina

Panga mezani pasipoti, kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mtoto, cheti cha ndoa kama kipo, hati ya kiwanja, karatasi ya mauziano ya shamba na kadi ya benki. Soma jina lako kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Karibu kila ninayemsaidia ana tofauti mahali fulani: Ramadhani kwenye pasipoti, Ramadhan benki, jina la babu NIDA, jina la mume kwenye cheti cha mtoto. Mashamba ndiyo yana shida zaidi. Karatasi ya mauziano imeandikwa "Mama Neema" tu, kwa kuwa ndivyo muuzaji alivyomfahamu, na serikali ya kijiji ikagonga muhuri.

Ukiwa hai hakuna anayekuuliza. Ukifia ugenini, cheti cha kifo kitafuata jina la pasipoti. Mtoto atatakiwa kuonyesha kwamba huyo wa pasipoti ndiye mama aliye kwenye cheti chake, na ndiye Mama Neema aliyenunua shamba. Ndugu anayelitamani shamba hahitaji kughushi chochote. Anasema tu, "Marehemu simkatai, lakini shamba hili si lake."

Kwa hiyo jina la pasipoti liwe kipimo, na mengine yote yafungwe kwalo. Tofauti za herufi au mpangilio wa majina hutibiwa kwa kiapo cha majina, yaani tamko la maandishi unaloapa kwamba majina hayo yote ni yako. Weka majina yote kwenye kiapo kimoja, ukitaja kila jina limetoka kwenye karatasi gani. Viapo vingi vidogo hupotea, na vyenyewe huanza kupingana. Kama jina lenyewe lilibadilika, si herufi tu, kiapo hakitoshi: inahitajika hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe. Kosa kwenye cheti cha mtoto lirekebishwe RITA.

Karatasi ya mauziano usiifute wala kuandika juu yake, hata kwa nia njema. Andikeni karatasi mpya ya uthibitisho inayosema kwamba Mama Neema wa mauziano yale ndiye mwenye pasipoti hii, isainiwe na muuzaji na mashahidi walewale mbele ya serikali ya kijiji. Fanya hivyo muuzaji angali hai. Akishafariki utabaki na mashahidi, na mashahidi nao wanazeeka.

Ukiwa nje, apa mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania. Ukienda kwa mthibitishaji wa nchi uliyopo, hati ipitie pia ubalozini. Tuma karatasi halisi yenye wino na muhuri. Picha ya WhatsApp inatusaidia kusoma, msajili wa hati haitamsaidia kitu. Na kwa kuwa sisi ni watu wa mpakani, maombi ya NIDA hapa huja na maswali ya uraia, basi vyeti vya wazazi wako navyo vihifadhiwe. Anza mapema.

Hatua ya 3: Ardhi

Usinunue kwa jina la kaka. Najua ni rahisi na kaka ni mwaminifu, lakini kaka naye ana watoto, na akifa kabla yako kiwanja kitahesabiwa kwenye mirathi yake. Nunua kwa jina lako, upate hati miliki mjini au hati ya haki miliki ya kimila kijijini, na kodi ya pango ya kiwanja ilipwe kila mwaka. Anayekuwakilisha mpe hati ya uwakili yenye mipaka: kulipia, kufuatilia, kusaini fomu za kupima. Uwezo wa kuuza usiuweke. Tena hati hiyo hufa siku unayokufa, kwa hiyo usiitegemee kama wosia.

Kwenye shamba la michikichi ndipo ninaposisitiza sana. Mchikichi unazaa miaka mingi, na kwa majirani anayevuna ndiye mwenye shamba. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na kuna wazazi wanaokaa nje zaidi ya hapo. Andikiana na mtunza shamba kwamba yupo kwa ruhusa yako, anachopata ni sehemu fulani ya mazao, na miti atakayopanda ni ya shamba. Makubaliano yahuishwe kila baada ya miaka michache mbele ya mtendaji wa kijiji. Aliyeingia kwa ruhusa hawezi kugeuza ruhusa hiyo kuwa umiliki.

Hatua ya 4: Wosia

Uandikwe kwa wino au uchapwe, uwe na tarehe na saini yako. Kwa utaratibu wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, asiyejua, wanne. Anayerithi asiwe shahidi.

Taja mlezi wa mtoto na msimamizi wa mirathi, na mimi napendelea wawe watu wawili. Bibi amlee, fedha zishikwe na mwingine anayetoa hesabu. Mahakama ya Mwanzo humtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Mwambie hilo kabla hajakubali.

Waislamu wa Ujiji na kwingineko wakumbuke kwamba wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na kumuusia mrithi kunahitaji ridhaa ya warithi wenzake. Kama unataka nyumba iwe ya mtoto, fanya hiba, yaani mpe kama zawadi, ukiwa hai, kwa maandishi na kwa makabidhiano ya kweli. Kwa aliyezaa nje ya ndoa wosia ni wa lazima zaidi, kwani mila nyingi hazimpi mtoto huyo urithi kwa baba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto asinyimwe manufaa ya mali ya mzazi, lakini usimwachie mtoto wa miaka sita kazi ya kuidai.

Wosia uhifadhiwe RITA. Sanduku la nyumbani hufunguliwa na anayefika msibani kwanza.

Hatua ya 5: Fedha

Ndugu wa karibu uliyemwandika benki si mrithi. Benki itataka barua ya usimamizi wa mirathi. Akiba ya mtoto iende kwenye akaunti ya mtoto au Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa jina lake.

Hatua ya 6: Mali za huko uliko

Andika akaunti na madai yako kwa mwajiri kwenye karatasi moja, uambatanishe na wosia. Kila nchi ina sheria yake. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, tangu Februari 2023 asiye Mwislamu akifa bila wosia, nusu huenda kwa mwenzi na nusu kwa watoto.

Hatua ya 7: Nani ajue

Bibi, msimamizi na mtu mmoja asiye wa ukoo wajue wosia uko RITA na hati za ardhi ziko wapi. Yaliyoandikwa ndani si lazima wayajue. Ukibadilisha pasipoti, ukiolewa, ukizaa tena au ukinunua ardhi nyingine, rudia hatua ya 2 na ya 4.