Bangkok kwa Msafiri Anayetoka Uganda: Mahekalu Asubuhi, Kinu na Mchi Usiku

Vitu vitatu humharibia mgeni siku yake Bangkok: jua la mchana, foleni ya magari na matapeli wa milangoni. Kila kimoja kina saa zake na mahali pake, kwa hiyo vyote vinakwepeka. Mpango unaofaa ni mahekalu asubuhi na mapema, kivulini mchana, mtoni jua likipungua, kisha chakula na muziki usiku. Bei zilizomo humu ni za baht. Baht 1 ni takriban shilingi 110 za Uganda, nayo hupanda na kushuka.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Aprili ni joto la kukatisha tamaa, ila tarehe 13 hadi 15 ndiyo Songkran, sikukuu ya mwaka mpya ambapo mji mzima humwagiana maji, na wengi huenda kwa ajili hiyo tu. Septemba na Oktoba mvua hujaza barabara maji.

Kabla ya Entebbe

Mganda anahitaji viza, na maombi hufanywa kwenye tovuti rasmi ya viza ya serikali ya Thailand. Tangu Mei 2025 kuna pia kadi ya kuingia nchini inayojazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Kadi hiyo ni bure. Tovuti ikikudai dola, umeangukia kwa matapeli, ifunge.

Kadi ya manjano ndiyo inayowakwamisha Waganda wengi. Chanjo ya homa ya manjano iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Ukitua uwanja wa Suvarnabhumi, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza kaunta yenye kibao cha Health Control, wakague kadi yako, ndipo uende kwa afisa wa pasipoti. Asiyefanya hivyo hupanga foleni ndefu, akifika mbele anarudishwa, na anaanza upya.

Beba dola za noti za 100, mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, maana shilingi yetu huko haina wa kuibadilisha. Kaunta za kubadilisha fedha zilizo ghorofa ya chini kabisa ya uwanja, karibu na treni, hutoa bei nzuri kuliko zile za ukumbi wa mizigo. ATM hukata karibu baht 220 kila unapotoa pesa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toa nyingi mara moja. Nunua pia adapta: plagi zetu za pini tatu za mstatili haziingii kwenye soketi nyingi za Thailand, ingawa umeme ni wa volti zilezile takriban.

Kuingia mjini na mahali pa kulala

Treni ya uwanja wa ndege hukufikisha kituo cha Phaya Thai kwa baht 45, chini ya nusu saa, bila kujali foleni ya barabarani. Huanza alfajiri na kusimama karibu saa sita usiku. Ukiwa na mizigo mingi chukua teksi, lakini kwenye foleni rasmi ya ghorofa namba 1: mita huanzia baht 35, unaongeza 50 za uwanja wa ndege, na pesa za barabara ya kulipia ni juu yako. Hili ni gari dogo la kukodi, lisikuchanganye na taksi zetu za abiria wengi za Old Taxi Park, Kampala. Dereva akikutajia bei ya jumla badala ya kuwasha mita, shuka. Au tumia programu za simu za Grab au Bolt, bei unaiona kabla hujapanda.

Chagua hoteli kwa kigezo kimoja kabla ya vingine vyote: iwe mwendo wa dakika 10 kwa miguu hadi kituo cha BTS, treni ya juu, au MRT, treni ya chini ya ardhi. Hoteli ya bei nafuu iliyo mbali na treni hukurudia ghali, kwa sababu kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja usiku gari husogea kwa hatua. Anayetaka pia kununua nguo akae Pratunam au Ratchathewi. Silom na Sukhumvit ziko katikati ya mambo. Khao San iko karibu na mahekalu na ina vyumba vya bei ya chini, ila kelele haziishi na treni iko mbali. Kumbuka kwamba BTS na MRT ni kampuni mbili, kila moja na tiketi yake. MRT hupokea pia kadi ya benki ya kugusisha, Visa au Mastercard.

Boda zipo, na madereva wake huvaa vizibao vya rangi ya chungwa. Kwenye stendi nyingi kuna ubao wa bei. Soma kabla ya kupanda.

Asubuhi: upande wa mto

Panda BTS hadi Saphan Taksin, shuka hadi gati la Sathorn, uchukue boti yenye bendera ya rangi ya chungwa. Nauli ni baht 16 popote ushukapo. Kwenye gati hilohilo wapo wanaouza boti ya watalii kwa bei kubwa zaidi; ni halali, lakini mto ni uleule.

Anza na Kasri Kuu, lililojengwa kuanzia 1782, ambalo hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Kiingilio ni baht 500, na ndani yake limo hekalu la Wat Phra Kaew lenye sanamu ya Buddha wa kijani, yenye kimo kinachozidi nusu mita kidogo. Ndani ya ukumbi wa sanamu hiyo hairuhusiwi kupiga picha. Mabega yafunikwe, na suruali au sketi ipite magoti. Kitenge kirefu au kanzu hupita bila neno. Kaptula na vesti hurudishwa mlangoni.

Sasa, karibu na ukuta wa kasri atakujia mtu nadhifu, mwenye heshima, pengine na kitambulisho shingoni, akuambie: leo pamefungwa kwa sababu ya sala, lakini kuna bajaji itakuzungusha mahekalu mengine kwa baht 20. Ni uongo, na ni wa miaka mingi. Bajaji hiyo itakupeleka duka la vito na duka la mshonaji suti, ambako dereva hulipwa kwa kukufikisha. Usibishane naye. Tembea hadi dirisha la tiketi, ukaone kwa macho yako kama pamefungwa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Wat Pho, kwa baht 300, penye Buddha aliyelala mwenye urefu wa mita 46. Watu hupiga picha uso wakaondoka. Nenda hadi kwenye nyayo, zilizopambwa kwa lulumizi picha 108. Nyuma ya sanamu kuna safu ya vibakuli vya shaba unavyodondoshea sarafu kimoja kimoja, na mlio wake huujaza ukumbi. Kisha vuka mto kwa kivuko cha gati la Tha Tien, baht chache tu, hadi Wat Arun, baht 200. Ngazi zake ni za wima. Wanaoogopa kimo wabaki chini, mapambo ya vigae yanaonekana vizuri hata kutoka hapo. Ukifuata mpangilio huu utakuwa umemaliza kabla ya saa saba. Ukiugeuza, utalikuta kasri saa sita mchana, bila kivuli, katikati ya mabasi ya watalii.

Mchana: kivulini

Jumamosi na Jumapili soko la Chatuchak lina maelfu ya vibanda. Shuka BTS Mo Chit au MRT Kamphaeng Phet. Nenda saa tatu asubuhi, kwa hiyo siku hiyo mahekalu yasubiri. Ukiona kitu umekipenda, nunua papo hapo au piga picha namba ya kibanda, maana kukirudia ni kama kurudia njia ndani ya soko la Owino siku ya kwanza.

Kwa nguo za jumla ni Pratunam na jengo la Platinum, lenye kiyoyozi. Maduka mengi huanza bei ya jumla ukichukua vipande 3, hata vya rangi tofauti. Jaribu saizi kwa macho ya Kiuganda: alama ya L ya huko mara nyingi ni ndogo kuliko L yetu, na madukani wengi hawaruhusu kujaribisha.

Kutoka Pratunam kuna boti za mfereji wa Saen Saep hadi Panfa Leelard, jirani na Wat Saket, hekalu lililo juu ya kilima. Nauli haifiki baht 25. Kondakta hutembea ukingoni mwa boti akishikilia kamba. Abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki boti nyingine zinapopita. Ukikaa pembeni kazi hiyo ni yako, kwa sababu maji ya mfereji ni machafu na hayafai kuingia mdomoni.

Chakula

Hapa ndipo mji huu unapostahili nauli ya ndege. Kula barabarani, kwenye kibanda chenye foleni ya wenyeji: chakula hakilali na mafuta hubadilishwa. Sahani nyingi ni baht 50 hadi 80. Barafu yenye tundu katikati hutoka kiwandani, haina shida. Maji ya bomba usinywe.

Anza na khao man gai, wali uliopikwa kwa supu ya kuku, na kuku wa kuchemsha juu yake. Hauna pilipili hadi umwagie mchuzi. Kisha pad kra pao, nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa mrehani na pilipili; ongeza yai la kukaanga kwa baht 10, kiini chake hupoza ukali. Juu ya meza utakuta vikopo vinne: sukari, sosi ya samaki, siki na pilipili ya unga. Onja kwanza, ndipo uongeze. Kijiko kishike mkono wa kulia, uma ni wa kusukumia.

Som tam ni saladi ya papai bichi, na inafaa uitazame ikitengenezwa. Mpishi hutupa kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu kirefu, anaviponda, anatia sukari ya mnazi, maharagwe marefu, nyanya, karanga, kamba wakavu, ndimu na sosi ya samaki, mwisho papai lililochanwa nyuzinyuzi. Mkono mmoja unatwanga, mwingine unapindua kwa kijiko. Sema “mai phet”, yaani bila pilipili, na bado itawasha, kwa kuwa kinu hakioshwi kati ya mteja na mteja. Agiza som tam thai. Ile ya pla ra hutiwa samaki waliochachushwa, mara nyingi na kaa wabichi wa chumvi, na hao ndio huharibu matumbo ya wageni. Huliwa na wali wa kunata, unaofinyangwa kwa vidole. Mla kwa mkono hahitaji kufundishwa.

Waislamu wajue maneno mawili: moo ni nguruwe, gai ni kuku. Kuagiza kuku hakutoshi, kwa sababu kikaango na mafuta huweza kuwa yaleyale. Fuata alama ya halali: vibanda vya Phetchaburi Soi 7, kando ya msikiti wa Darul Aman karibu na BTS Ratchathewi, au migahawa ya Sukhumvit Soi 3. Ulizia khao mok gai, biriani ya Kithai. Wasabato na wasiokula nyama watafute bendera ya manjano yenye maandishi mekundu. Hapo hakuna nyama, samaki wala kitunguu saumu.

Walaji wa nsenene watafurahi Khao San. Panzi wa huko ni wakubwa, hukaangwa na kunyunyiziwa sosi ya soya na pilipili manga, lakini miguu haing'olewi kama tufanyavyo; ing'oe mwenyewe, ile ya nyuma ina miiba inayokwaruza koo. Funza wa mianzi ni laini zaidi. Nge wa kijitini ni wa picha, hawana ladha ya maana. Jirani hapo huuzwa roti: chapati nyembamba inayokunjiwa yai na ndizi ndani, juu maziwa mazito ya sukari. Mzoefu wa rolex, chapati yetu ya mayai, asitegemee chumvi.

Kwa usiku mmoja tu wa kula, nenda Yaowarat, mtaa wa Wachina, MRT Wat Mangkon, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Jumatatu usiende, vibanda vingi huwa vimefungwa. Agizeni sahani moja kwa watu wawili, msogee kibanda kingine.

Muziki na vinywaji

Khao San ni ya kelele, bia na vijana wa kila taifa. Thong Lo na Ekkamai ndiko Wathai wenye uwezo hucheza. Sukhumvit Soi 11 ina mchanganyiko. Baa za juu ya maghorofa hukataa ndala na kaptula, na kinywaji kimoja huweza kuzidi baht 400. Nenda jua linapozama, unywe kimoja, ushuke. Umri wa kunywa ni miaka 20, pasipoti huombwa. Baa nyingi hufunga saa nane usiku, baadhi saa kumi, na madukani pombe haiuzwi kuanzia saa sita usiku.

Kwenye mtaa wa baa wa Patpong, ukiitwa kupanda ngazi kutazama maonyesho ya bure, kataa. Bili huletwa ikiwa ya maelfu na mlango una walinzi. Ukiwa umenaswa, piga 1155, polisi wa watalii.

Sigara za umeme ni marufuku kabisa, hata kumiliki. Kumtusi mfalme ni kifungo cha miaka 3 hadi 15, na maandishi ya mtandaoni yanahesabika. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa vituoni, simama kama wengine.

Kurudi

Ukinunua bidhaa za baht 2,000 au zaidi siku moja katika duka lililo kwenye mpango wa kurudishiwa kodi, onyesha pasipoti uombe fomu hapohapo, baadaye haitolewi. Uwanjani, bidhaa zako zikifika jumla ya baht 20,000 au zaidi, peleka fomu na bidhaa kwa forodha kabla ya kukabidhi mizigo. Sanduku likishaenda, muhuri haupatikani, na kwa bidhaa hizo, bila muhuri dirisha la malipo lililo baada ya uhamiaji halikupi kitu.