Ukimuuzia mgeni mlango wa nakshi

Kwa mafundi na wauzaji wenzangu wa Lamu: mteja akitaka mlango asafirishiwe nje, anza na umri wa mlango. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946, na haziruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Mlango mpya kabisa, ukishapakwa rangi ya kuuzeesha kama wateja wengi wanavyopenda, waweza kuzuiwa forodhani kwa kudhaniwa wa kale. Kwa hiyo piga picha tangu ubao ukiwa mtupu, fundi akiwa na patasi mkononi, hadi mlango ukamilike. Risiti iandike aina ya mbao, mwaka wa kuchongwa na jina la karakana. Usiandike "wa kale" ili kumfurahisha mnunuzi. Neno hilo litamtesa yeye na wewe.

La pili ni kasha la kusafirishia mlango, na hapa ndipo wengi hukwama. Nchi nyingi hazipokei kasha la mbao ghafi lisilo na muhuri wa kimataifa wa kuonyesha mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Kwa kawaida muhuri huo huwa na herufi HT, yaani mbao zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi ndani kwa dakika 30. Plaiwudi haihitaji muhuri huo, lakini ukiikaza kwa mbao za kawaida, mbao hizo zinauhitaji.

Bei kwenye ankara iwe ile aliyolipa mteja, hata akikuomba uipunguze.