Kabla ya kumkimbiza mwanamke hospitali kwa ajili ya moyo: mambo ya kuzingatia

Yaandike haya leo, nyumba ikiwa na amani. Siku yenyewe ikifika utahangaika kutafuta ufunguo ulioushika mkononi. Mimi nilikuwepo dada yangu mkubwa alipopata mshtuko wa moyo. Nilikuwa na simu na gari lilikuwepo, na bado mimi ndiye niliyemchelewesha.

Anza na yanayojulikana. Namba ya gari la wagonjwa iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, na mtoto anayejua kusoma aijue. Uliza mapema ni hospitali ipi ya karibu inayofanya kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, saa zote, usiku na sikukuu. Uliza pia ni ipi ina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na ipi ina chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo. Mgonjwa asiendeshe gari. Asipande ngazi kwenda kubadilisha nguo. Aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima, isipokuwa kama ana mzio nayo, anatokwa na damu mahali, au daktari alishamkataza. Ukiwa na shaka muulize anayepokea simu ya dharura. Haya umeshayasikia, tuendelee.

Dalili zijue kwa sura zake zote. Wapo wanaongoja mwanamke ashike kifua na kuanguka kama kwenye sinema, na wapo wanaosema wanawake hawaumwi kifua kabisa. Wote wanakosea. Kifua ndicho kinacholalamikiwa zaidi, kwa wanawake na kwa wanaume. Ila mwanamke mara nyingi hasemi "naumwa". Anasema kifua kizito, kinabana, kama amefungwa kitu. Juu ya hapo, kwake huja zaidi yale mengine: pumzi kukata, kichefuchefu na kutapika, jasho la baridi, maumivu ya taya, ya shingo, ya mgongo katikati ya mabega, kizunguzungu, uchovu usioelezeka ambao huenda ulianza siku kadhaa nyuma. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu yoyote. Dalili mbili tatu za namna hii zikija pamoja na zisiondoke ndani ya dakika chache, msikae kikao cha familia. Ondokeni.

Andaa karatasi moja, si faili zima. Iwe na majina ya dawa na dozi zake, mzio, presha, kisukari, sigara, ndugu wa damu waliougua moyo wakiwa bado vijana. Halafu ongeza yale ambayo pengine hakuna atakayeuliza. Aliwahi kupata presha ya mimba au kifafa cha mimba? Kisukari cha mimba? Alijifungua kabla ya wakati? Hedhi ilikoma kabla hajafika miaka 40? Ana lupasi, yaani ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, au baridi yabisi? Yote hayo huongeza hatari ya moyo kwa mwanamke. Dada alipata presha ya mimba kwa mtoto wake wa pili, na kijana huyo sasa anaota ndevu. Sikuona inahusu nini. Inahusu sana.

Sasa hili. Hospitali peleka dalili. Jina la ugonjwa liache nyumbani.

Dada alianza baada ya magharibi. Alikuwa na miaka 52. "Chembe kinanibana," aliniambia, akabonyeza pale mbavu zinapokutana. Lugha yetu yenyewe ina mtego hapo: tunasema chembe cha moyo tukimaanisha juu ya tumbo, tunasema moyo unaniuma tukimaanisha huzuni, tunasema roho inanichafuka tukimaanisha kichefuchefu. Na dada alikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Basi tukampa dawa yake ya vidonda, tukasubiri. Saa nzima. Akatapika, tukafurahi, tukidhani sasa atapata nafuu.

Ndani ya gari aliniomba nimvue saa ya mkononi. "Inanibana, mdogo wangu, ifungue." Nikaifungua. Mkanda ulikuwa umelegea, hata alama haukuacha kwenye ngozi. Nikaitia kwenye pochi yangu, nikaendelea kutazama barabara. Mkono wa kushoto ulikuwa unamlemea mpaka anailaumu saa, na mimi natazama barabara.

Mapokezi nesi akauliza, "Mama ana shida gani?" Dada akafungua kinywa. Nikamjibia mimi: "Ana vidonda vya tumbo, leo vimemzidi." Nesi akaandika. Tukaelekezwa kwenye benchi, dada akakaa akijifuta jasho kwa leso, na chumba kile kilikuwa na baridi. Aliyetuona baadaye alimbonyeza tumbo, akauliza anakula vipi, akasema pia anaonekana ni mtu wa wasiwasi. ECG ilifanywa mara moja, tukaambiwa haina neno. Damu haikupimwa. Tukarudi nyumbani na dawa ya kutuliza asidi na kidonge cha kumlaza usingizi.

Alfajiri alikuwa hamalizi sentensi bila kuvuta pumzi. Tukarudi palepale. Daktari wa zamu ya asubuhi alifanya ECG nyingine, akapeleka damu maabara, kisha akafungua faili la usiku na kunigeuzia nisome mstari wa kwanza. Mgonjwa wa vidonda vya tumbo, leo vimemzidi. Maneno yangu, yamenakiliwa kama nilivyoyatamka. Hakunilaumu. Aliniuliza tu ilianza saa ngapi hasa, nikashindwa kumjibu.

Aliyetuhudumia usiku ule alikosea, na niliuandikia uongozi barua. Mgonjwa akija na jina la ugonjwa, kazi ya mtabibu ni kulitilia shaka. Lakini jina lile nililipeleka mimi, na kila aliyefuata alilikuta limeshaandikwa. Moyo wa dada sasa unasukuma kama asilimia 35 ya damu iliyomo kwa kila pigo. Wa mtu mwenye afya husukuma zaidi ya 50. Akifua nguo mbili anakaa chini.

Kwa hiyo mlangoni sema hivi, tena simama karibu na meza: "Kifua kinambana tangu saa mbili usiku, anatoka jasho la baridi, ametapika, mkono unamlemea. Tunaogopa ni moyo. Tunaomba ECG." Kama anaweza kuongea, aongee mwenyewe, wewe jazia. Vidonda vitaje ukiulizwa magonjwa ya nyuma. Wakikwambia ni wasiwasi, uliza kwa adabu, "Daktari, moyo tumeuondoa kwa kipimo gani?" Jibu la swali hilo linapaswa kuwa kwenye karatasi ya majibu. Na saa ya kuanza iandike mara tu dalili zinapotokea, ukitaja ni ya usiku au ya asubuhi, maana saa mbili yetu na saa mbili ya faili si lazima ziwe moja.

Vipimo vyenyewe vijue kidogo. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya na ya Marekani inataka ECG ifanywe na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Ya kwanza ikiwa safi, mambo hayajaisha. Irudiwe kama dalili zinaendelea, na daktari anaweza kuhamishia waya mgongoni, kwa kuwa ukuta wa nyuma wa moyo hauonekani vizuri kwa mpangilio wa kawaida. Sidiria ivuliwe ili waya zikae mahali pake. Omba pazia, omba nesi wa kike kama yupo, ila msimngoje.

Kisha damu. Troponini ni protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo unapoumia, nayo huchukua muda kupanda. Ndiyo maana hupimwa zaidi ya mara moja: kwa vipimo vipya baada ya saa 1 hadi 3, kwa vya zamani baada ya saa 3 hadi 6. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa kipimo kimoja kilichochukuliwa dalili zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Uliza pia kama wanatumia kikomo cha wanawake. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana, kikomo cha wanaume ni nanogramu 34 kwa lita na cha wanawake ni 16. Mwanamke mwenye 25, akipimwa kwa mizani ya wanaume, anaambiwa mzima.

Mshipa ukithibitika umeziba kabisa, kinachohesabika ni dakika. Kuzibua kwa mrija ndiyo njia bora kama kunaweza kufanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa ujulikane. Kama hapo hakuwezekani na safari ni ndefu, dawa ya kuyeyusha damu ianze palepale, kisha ndipo ahamishwe. Uliza waziwazi: "Anazibuliwa wapi, na saa ngapi?"

Usione haya kusisitiza. Mwaka 1991 Bernadine Healy, daktari wa moyo wa Marekani, aliandika kwamba mwanamke alilazimika kwanza kuonyesha kuwa moyo wake unaumwa kama wa mwanamume ndipo atibiwe kama yeye. Tafiti zilizotoka pamoja na maneno yake zilionyesha wanawake wakifanyiwa uchunguzi wa mishipa na upasuaji wa moyo mara chache kuliko wanaume. Mengi yamerekebishwa tangu hapo. Benchi lile nilikalia mimi, na halikuwa la mwaka 1991.

Ukiambiwa mishipa ni safi baada ya kupigwa picha, usishangilie haraka. Mshtuko wa moyo unaweza kutokea bila mshipa mkubwa kuziba, na hali hiyo huwapata zaidi wanawake. Pia ukuta wa mshipa unaweza kuchanika wenyewe. Wagonjwa wa namna hiyo, kama 9 kati ya 10, ni wanawake, wengi wao bado wadogo, wengine wakiwa wajawazito au wametoka kujifungua. Kwa hiyo mzazi wa wiki tatu anayelalamika kifua asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Uliza chanzo ni nini, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa.

Akiruhusiwa, dawa zisikatizwe kwa sababu anajisikia vizuri. Aliyewekewa stenti, yaani kimrija cha wavu kinachouweka mshipa wazi, hutumia aspirini na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi 12, na kuiacha ghafla kunaweza kuziba kile kilichozibuliwa. Anayeweza kushika mimba aseme mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za lehemu (kolesteroli) hazifai kwa mjamzito. Omba mwenyewe mazoezi ya kurejesha nguvu ya moyo. Wanawake huelekezwa huko mara chache kuliko wanaume. Akianza kulia ovyo au kukosa usingizi, mwambieni daktari. Huzuni baada ya mshtuko wa moyo ni ya kawaida na ina matibabu.

Jifunzeni kubonyeza kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mashine ya kushtua moyo ikiletwa kifua kiwe wazi. Watu huona haya kumgusa mwanamke aliyeanguka, na haya hiyo inaua. Simu yake iwe na chaji. Wiki za mwanzo asijifungie chumbani kwa ufunguo, wala asibaki peke yake kutwa nzima. Akisema tena kwamba kuna kitu kinambana, hata kama ni saa ya mkononi, msimjibie. Mwacheni amalize kusema.