Mkojo Kuvuja Unapokohoa: Hatua za Matibabu Bila Upasuaji

Mwongozo huu ni wa mwanamke anayevujwa na mkojo anapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua kitu kizito. Anayebanwa ghafla na kushindwa kufika chooni ana tatizo la aina nyingine, na tiba yake huanzia kwingine.

Hatua ya 1. Pima mkojo ili kuondoa shaka ya maambukizi, kisha kwa siku 3 andika unachokunywa, mara unazokwenda haja ndogo na kila unapovuja.

Hatua ya 2. Itambue misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu na uke kutoka chini. Mgonjwa mmoja niliyemhudumia alikuwa amefanya mazoezi kwa miezi 4 bila nafuu, na nilipomchunguza nikakuta kwamba kila alipodhani anabana, alikuwa akisukuma kama mtu mwenye choo kigumu, yaani akiilemea misuli ileile aliyokusudia kuiimarisha. Bana kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja. Msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unapaswa kupanda kuelekea ndani, huku mapaja na makalio yametulia na pumzi inaendelea kama kawaida. Jitazame kwa kioo cha mkononi: msamba ukishuka au kutokeza nje, unasukuma. Usijizoeze kwa kukatiza mkojo chooni, kwa sababu kibofu huweza kuzoea kubakiza mkojo. Ukiwa bado na shaka, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akupime kwa kidole ukeni, kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya 3. Bana angalau mara 8 kwa mfululizo, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Anza na sekunde unazozimudu, uongeze polepole hadi 10, na baada ya kila mbano ulegeze kabisa. Jifunze pia kubana kabla tu ya kukohoa au kunyanyua.

Hatua ya 4. Punguza uzito ikiwa umezidi, na utibu kikohozi sugu na choo kigumu. Usijinyime maji.

Hatua ya 5. Nafuu isipotosha, daktari anaweza kukupimia pesari, kifaa cha silikoni kinachovaliwa ukeni, ambacho humfaa sana anayevuja wakati wa mazoezi ya mwili pekee. Aliyekoma hedhi na mwenye ukavu ukeni huweza kupewa krimu ya estrojeni, homoni ya kike, ya kupaka ukeni. Duloksetini, dawa ya kumeza, mimi huiweka mwisho, kwa kuwa kichefuchefu chake huwashinda wengi, na anayeitumia hapaswi kuiacha ghafla bila maelekezo ya daktari.