Jinsi ya Kujenga Jimbo la Mpakani Ndani ya Nchi Iliyojifungia

Karibu kila msimulizi wa michezo ya dadu, ile ambayo wachezaji wanaigiza wahusika wa hadithi na dadu inaamua matokeo, ninayemfahamu hapa Kisumu ana nchi moja ya kubuni iliyojifungia. Kuta ndefu, mfalme asiyetaka kuona mgeni, mlinzi wa lango anayehoji wachezaji mpaka mmoja wao anaomba ruhusa ya kwenda kununua soda. Kisha pembeni ya ramani msimulizi huyo anaweka mji wa soko ambamo viumbe wa kila aina wanaishi raha mustarehe. Muulize kwa nini hapo wanapatana ilhali mwendo wa nusu siku kuelekea ndani wangekatana mapanga, atakujibu kwamba watu wa hapo ni wema.

Jibu hilo silikubali. Nilikuwa wakala wa forodha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa miaka mingi kabla sijahamia huku. Nimefuata mihuri dirisha hadi dirisha, na ninakuhakikishia roho za watu wa mpakani ni zilezile za watu wa Nakuru. Ila mtu wa Busia hawezi kumaliza siku bila mtu wa upande wa pili. Ukitaka jimbo lako lisadikike, jenga kwanza huko kuhitajiana. Wema utakuja wenyewe, na usipokuja hadithi itaenda tu.

Anza na kinachokosekana

Kabla ya kuchora mto au kuamua urefu wa masikio ya wageni, jiulize nchi hii haina nini, na ni nini kati ya hivyo haiwezi kuishi bila nacho. Nchi zinazosifika kwa kujifungia huwa zimeacha tundu, na tundu lina mwenyewe. Japani ya watawala wa Tokugawa iliwabana Waholanzi tangu 1641 kwenye Dejima, kisiwa kilichojengwa kwa mikono ya watu katika bandari ya Nagasaki, chenye daraja moja la kuingilia. Lakini serikali hiyohiyo iliwataka Waholanzi wawe wanaileta taarifa ya habari za dunia. Na Dejima haikuwa mlango pekee. Biashara na Korea ilipitia kisiwa cha Tsushima, ya visiwa vya Ryukyu ilikuwa mikononi mwa mabwana wa Satsuma, na ya Waainu wa kaskazini ilikuwa ya ukoo wa Matsumae. Kila mlango na bwana wake. China nayo, kuanzia 1757 hadi vita vilipoifungua mwaka 1842, iliwaachia wafanyabiashara wa Ulaya bandari ya Guangzhou tu, na wake zao walipigwa marufuku kukanyaga pale.

Nchi yangu mimi inaitwa Sarumbi. Iko milimani. Ina dhahabu, ina ng'ombe, ina waganga wanaoita mvua ikaitika. Chumvi haina hata punje. Chumvi iko kwa Waithi, watu wa bonde la ziwa wenye magamba mabegani, ambao dini ya Sarumbi inawaita najisi. Hapo jimbo limeshajizaa lenyewe: kuhani mkuu anahubiri asubuhi kwamba Mwithi ni laana, na mchana mpishi wake anauliza chumvi imefika lini.

Chagua kitu kimoja tu cha namna hiyo. Vijana hupenda kuorodhesha bidhaa ishirini, lakini wachezaji hawazikumbuki. Kimoja kinachoingia, kimoja kinachotoka, na habari. Habari usiisahau.

Sheria iwe na upenyo, na upenyo uwe na fundi

Nchi iliyojifungia haiwezi kukiri kwamba inafanya biashara na najisi, kwa hiyo inatunga sheria kali halafu watu wa mpakani wanaisoma neno kwa neno. Sheria ya Sarumbi inasema mguu wa mgeni usiguse udongo wa nchi. Basi Mavuko, jimbo langu la mpakani, limejengwa juu ya mbao. Soko lote, nyumba za kulala wageni, hata uwanja wa kunyongea, vimesimama juu ya nguzo kwenye kinamasi cha mafunjo. Mwithi anaweza kuishi Mavuko miaka thelathini na mguu wake usiguse udongo. Kwa sababu hiyo kabila lenye nguvu kuliko yote pale ni maseremala. Ubao ukioza, mtu akatumbukia, ni kesi ya kidini, na seremala ndiye shahidi wa kwanza. Nilipowapa wachezaji wangu habari hiyo, kikao kizima kilikwisha wakijadiliana nani anaweza kuulegeza ubao mmoja usiku.

Sheria ya pili niliichukua kazini. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu uliorahisishwa kwa mfanyabiashara mdogo: bidhaa ziwe zimetoka ndani ya Jumuiya, thamani isizidi dola 2,000, na cheti anakipata palepale mpakani. Ni jambo jema, limewasaidia akina mama wengi. Lakini akili ya mpakani haikosi kazi. Lori linapaki kabla ya kufika, mzigo unagawanywa vipande vipande, unavuka kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kwa kichwa, na upande wa pili unakutana tena kuwa lori zima. Huko Mavuko nimeandika hivi: kinachobebwa kichwani si mzigo. Ushuru haukihusu. Basi kila asubuhi vichwa vinakodishwa, na kuna wazee wa heshima ambao kazi yao ni kuhesabu vichwa.

Ukiwa na sheria za namna hii, kuvumiliana hakuhitaji hotuba. Mbebaji anamhitaji mwenye chumvi, mwenye chumvi anamhitaji seremala, karani anawahitaji wote ili ale. Angalia Busia walivyo wabebaji wa baiskeli za magurudumu matatu, wengi wao watu wenye ulemavu: kwingine wangepitwa barabarani bila salamu, mpakani wafanyabiashara wanawatafuta kwa majina. Jiulize ni nani anayedharauliwa kule ndani ya nchi yako, kisha mpe mpakani kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza.

Makarani pia wape meza moja. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kinawakalisha maafisa wa Kenya na wa Uganda chini ya paa moja, na msafiri anamaliza pande zote mbili katika jengo la nchi anayoingia. Mimi nimewaweka karani wa Sarumbi na karani wa Waithi wakitumia kidau kimoja cha wino. Hawali pamoja, dini hairuhusi. Ila mmoja akiugua, mwenzake anajua muhuri umefichwa wapi.

Watu wawe wakubwa kuliko mpaka

Mpaka wako uwe na umri mdogo kuliko koo zinazoishi juu yake. Sisi tunalijua hili bila kusomea. Hadi 1902 Kisumu ilikuwa Uganda, katika Jimbo la Mashariki. Mwaka huo jimbo hilo likahamishiwa upande wa pili kwa kalamu, miezi michache tu baada ya reli kufika ziwani. Mpaka ukasogea, nao ukawakata Wasamia na Wateso, ambao hadi leo wako huku na kule. Ndiyo maana pale Busia mazungumzo ya ushuru husikika hivi:

"Mama, umebeba nini?"

"Mayai tu, shemeji."

"Mimi ni shemeji yako tangu lini?"

"Si umeoa kwetu Samia? Basi nitakuitaje?"

Sehemu hiyo uiandike kwa utulivu, kwa sababu utani wa aina hii unafanya kazi kubwa kuliko askari kumi. Ofisa aliyeitwa shemeji mbele ya foleni akikataa kucheka ameaibika, na akicheka ameshapunguza ukali wake. Mavuko nimeweka desturi kwamba kila Mwithi anayelala zaidi ya msimu mmoja anapewa mwenyeji, na mwenyeji anamwita mjomba. Hakuna anayeamini kwamba ni ndugu. Lakini mjomba akidhulumiwa, mwenyeji analazimika kufika barazani.

Kuhusu bwana wa jimbo, usimfanye mtu wa upendo wala mwasi. Mfanye mtu mwenye hesabu mbili. Somo liko karibu. Miaka ya 1880 Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliikaribisha misafara ya Waswahili kutoka pwani. Ikapumzika kwake, ikanunua chakula, na Uislamu ukaota mizizi Mumias mpaka leo. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alipita hapo kwa amani akielekea Buganda. Akasonga mbele hadi Busoga, na mwezi Oktoba akauawa huko kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa sababu ikulu ya Buganda iliogopa wageni wanaoingia kwa mlango wa mashariki. Aliyemshika ni chifu wa mpakani aitwaye Luba. Mgeni mmoja, safari moja, watawala wawili: mmoja anafaidika na njia, mwingine anashika ufunguo wa mlango wa mtu mwingine. Bwana wa Mavuko nimemfanya awe Mumia siku za soko na Luba siku tarishi wa mfalme anapofika. Wachezaji wanamchukia sana, na bado wanamtegemea.

Bei mbili

Hapa ndipo wasimulizi wengi hupavuka, na ndipo hadithi inapokaa. Andika bei ya bidhaa yako mpakani na bei yake mji mkuu. Kwangu kibaba cha chumvi ni sarafu moja Mavuko na sita mji mkuu. Tofauti hiyo ya tano ndiyo inayolipa kila mtu: mlinzi wa usiku, mwenye mtumbwi, kuhani anayetakasa chumvi, mke wa kuhani.

Ukitaka kuona tofauti ya bei inavyoweza kugeuza kijiji, waulize wazee wa Bungoma habari za Chepkube. Baridi kali iliunguza kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ikapanda dunia nzima. Wakulima wa Uganda wakati wa Amin walikuwa wanalipwa kidogo na serikali yao, na ng'ambo ya mpaka bei ilikuwa kama ndoto. Kahawa ikaanza kuvuka usiku, magunia kwa punda, kwa vichwa, na Chepkube, mahali pasipojulikana, pakawa soko la magendo ambalo pesa zilihesabiwa kwa taa ya chemni. Fujo za kikabila hazikuwa na nafasi hapo. Mtu hapigani na anayemletea gunia. Bei iliposhuka, soko likanyauka. Kwa hiyo amua mapema bei yako itashuka lini, maana siku hiyo ndiyo sura ya mwisho ya mchezo wako.

Njia za panya zichore kwenye ramani ya pili, ya msimulizi peke yake. Mbili zinatosha. Moja ijulikane na kila mtu pamoja na askari, nyingine ijulikane na mtoto mmoja.

Uvumilivu unaishia wapi

Jimbo ambalo kila kitu kinaruhusiwa halina ladha. Mtu anaweza kula na mgeni, kumkopesha, kumcheka, na bado kuna mlango ambao hatamfungulia. Kwetu magharibi mlango huo ni kaburi. Maiti inarudi nyumbani, hata familia iuze ng'ombe wa mwisho. Sasa Mwithi aliyeishi Mavuko miaka thelathini juu ya mbao, aliyeitwa mjomba na nusu ya soko, akifa msimu wa mafuriko na mto haupitiki, atazikwa wapi? Sheria inasema mguu wake usiguse udongo. Je, mgongo wake? Wachezaji wangu walilibeba swali hilo kwa vikao kadhaa. Seremala akataka jeneza lenye nguzo. Kuhani akataka maiti ichomwe. Mwenyeji, aliyemwita mjomba kwa mazoea tu, akachimba kaburi uani kwake usiku, na asubuhi jirani zake wakalazimika kuamua kama wameliona.

Hofu ya ugonjwa nayo ipime. Mwaka 2020 foleni ya malori ilienea kilomita nyingi kuelekea Malaba, madereva wakisubiri kupimwa korona, na madereva hao hao waliokuwa wateja wa kila kibanda wakawa watu wa kukwepwa. Wenye vibanda hawakuwa wamebadilika dini. Mteja alikuwa amegeuka hatari. Ukitaka kulitikisa jimbo lako, usilete jeshi la mfalme mapema. Leta kikohozi kwenye nyumba ya kulala wageni, halafu msikilize nani anaacha kumwita nani mjomba.

Kikao cha kwanza kianzie kwenye foleni ya mbao, si kwenye baa. Kila mchezaji mpe vitu vitatu: mzigo ambao si wake wote, deni kwa mtu wa upande wa pili, na jina la mwenyeji. Mwambie karani anafunga dirisha jua likizama. Kisha yule aliye nyuma kabisa ya foleni atupe dadu.